Kutoka Mtungi wa Gesi hadi Betri: Kubadili Friji ya Gari-Nyumba

Friji ya gesi inayofungwa katika karavani na magari-nyumba ya Marekani na Ulaya hupoza kwa moto. Haina kompresa wala mota. Nyuma yake kuna kichomeo kidogo chenye mwali wa bluu na mabomba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, ambamo amonia, maji na hidrojeni vimefungiwa tangu kiwandani kwa shinikizo la bari 20 hadi 25. Mpangilio huo ulibuniwa mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, wanafunzi wawili wa chuo cha kifalme cha teknolojia mjini Stockholm, na kufikia 1925 kampuni ya Electrolux ilikuwa imeuchukua na kuanza kuuingiza sokoni. Hata Albert Einstein na Leo Szilard walibuni friji yao isiyo na mota, wakapewa hataza ya Marekani mwaka 1930. Electrolux ilinunua hataza zao, lakini friji yenyewe haikuwahi kuuzwa dukani.

Kinachofanyika ndani ya mabomba hayo ndicho chanzo cha uzuri wa friji hii na pia cha matatizo yake. Mwali hupasha moto boila, mchanganyiko wa amonia na maji huchemka, na viputo vyake huyasukuma maji kupanda bomba jembamba. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye kondensa, hupoa ukawa kimiminika, kisha huteremka kwa uzito wake mpaka kwenye evaporata iliyo ndani ya friji. Hapo hukutana na hidrojeni. Shinikizo la jumla ni lilelile katika mfumo mzima, ila sehemu yake kubwa mahali hapo hubebwa na hidrojeni, hivyo amonia huweza kugeuka mvuke katika baridi kali na, inapogeuka, huvuta joto kutoka kwenye chakula. Gesi hizo mbili huteremka pamoja hadi kwenye kifyonzi, ambako maji yaliyorudi kutoka kwenye boila huimeza amonia na kuiacha hidrojeni ipande tena. Jina la friji ya ufyonzaji limetoka hapo. Kazi yote hufanywa na joto na mvuto wa dunia.

Kwa karavani za katikati ya karne ya 20 hii ilikuwa neema. Betri ya enzi hizo isingeweza kuendesha friji usiku mzima, ilhali mtungi wa gesi uliokuwapo tayari kwa ajili ya jiko uliweza kuiendesha kwa wiki kadhaa, kimya kabisa, porini pasipo nguzo ya umeme. Baadaye watengenezaji waliongeza hita ya umeme kando ya kichomeo, ili msafiri akifika kwenye kambi yenye umeme asiendelee kuchoma gesi. Friji inayotumia gesi na umeme wa ukutani ikaitwa ya njia mbili. Iliyoongezewa hita ya volti 12, ya kutumiwa gari likiwa safarini, ikaitwa ya njia tatu. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka siku ya kushughulikia nyaya.

Udhaifu wake unatokana na sifa hizohizo. Kwa kuwa vimiminika huteremka kwa mvuto, friji lazima isimame sawasawa. Friji nyingi za Marekani huruhusu mwinamo wa digrii 3 kwa upande na 6 kwa mbele na nyuma. Gari likiegeshwa kwenye mteremko uliozidi hapo, kimiminika hukwama njiani, boila hukaukiwa na kupata joto kupita kiasi, na kromati ya sodiamu iliyotiwa ndani ili kuzuia kutu hugeuka chembe ngumu zinazoziba lile bomba jembamba. Madhara hayo hayarudi nyuma. Kila kuegesha vibaya huacha chembe chache, na friji hufa kidogokidogo kwa miaka, mpaka siku moja mwali unawaka vizuri lakini baridi haipo. Ndiyo maana wenye magari haya hutembea na pima maji na vipande vya mbao vya kuwekea chini ya magurudumu. Gari likiwa barabarani hali ni nafuu, kwa kuwa mtikisiko hukirudisha kimiminika huku na huko.

Joto la nje ni adui mwingine. Kondensa na kifyonzi hupozwa na hewa inayopanda yenyewe kutoka tundu la chini la ukuta hadi la juu au la paani. Hewa ya nje ikifika nyuzi 35 na zaidi, uwezo wa kutupa joto hupungua, na friji iliyokuwa kwenye nyuzi 4 asubuhi yaweza kufika 10 alasiri. Kwa maziwa na nyama hilo si jambo dogo, maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huitaka friji isizidi nyuzi 4 hivi. Tena friji ya gesi hujirudi polepole: mlango ukifunguliwa mara nyingi mchana, huchukua saa nyingi kurejea ilipokuwa, na ikiwashwa ikiwa na joto huhitaji karibu siku nzima kabla ya kutiwa chakula.

Kuna pia suala la moto. Boila iliyochakaa ikipasuka hutoa amonia na hidrojeni karibu na mwali au hita inayowaka. Watengenezaji nchini Marekani wamewahi, zaidi ya mara moja, kuziita friji za aina hii kwa marekebisho kupitia NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya nchi hiyo. Friji iliyotunzwa na kuegeshwa vizuri si bomu, na mamilioni ya watu wamelala karibu nayo salama. Hata hivyo hofu ya moto ndiyo inayowasukuma wengi kuiondoa, pengine kuliko suala la baridi yenyewe.

Friji ya kompresa hufikia lengo lilelile kwa nguvu ya mota. Kompresa huukandamiza mvuke wa gesi ya kupozea hadi upate joto, kondensa hulitupa joto hilo nje, gesi ikiwa kimiminika hupenyezwa kwenye kijibomba chembamba, na kwenye evaporata huchemka upya ikivuta joto la ndani. Kompresa iliyofanya kazi hii iwezekane kwenye betri ni ile ya familia ya BD, iliyotengenezwa na Danfoss ya Denmark. Mwaka 2010 kitengo hicho cha kompresa kiliuzwa na kikachukua jina la Secop. BD35 na BD50 ni vibuyu vidogo vya chuma vilivyofungwa kabisa, vyenye mota isiyo na brashi inayoongozwa na kisanduku cha elektroniki kilichobandikwa ubavuni. Kisanduku hicho hupokea volti 12 au 24, huizungusha mota kati ya mizunguko 2,000 na 3,500 kwa dakika, huikata betri inapodhoofika, na kikipata hitilafu humjulisha fundi kwa kumetameta kwa taa: mmeto mmoja ni umeme mdogo, miwili ni feni, mitatu ni mota kushindwa kuanza, minne ni mzigo kuzidi, mitano ni joto kupita kiasi. Kwa miaka mingi gesi yake ilikuwa R134a. Matoleo mapya mengi hutumia isobutani, R600a, ambayo hulipasha joto anga kwa kiasi kidogo sana kikilinganishwa na cha mtangulizi wake, ila inawaka.

Mwinamo hauisumbui sana friji ya kompresa, na hata katika joto la nyuzi 40 hupoza, japo hufanya kazi muda mrefu zaidi. Ikiwashwa huwa tayari ndani ya saa chache. Inachokosa ni ukimya. Mvumo wake si mkubwa, lakini katika gari-nyumba kitanda huwa hatua mbili tu kutoka kwenye friji, na mtu aliyezoea friji ya gesi atausikia usiku wa kwanza.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye hesabu ya nishati, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuangalia upande mmoja. Friji ya gesi ya lita 100 hivi hutumia gramu 300 hadi 400 za gesi kwa siku. Gramu 350 za propani hutoa joto la takribani kilowati-saa 4.5. Friji ya kompresa ya ukubwa huo, yenye mota ya wati 45 inayofanya kazi chini kidogo ya nusu ya muda, hutumia karibu wati-saa 500 kwa siku, yaani kilowati-saa 0.5. Ni pungufu mara tisa. Sababu yake ni kwamba kwa kila uniti ya joto inayotiwa kwenye boila, friji ya gesi ndogo huhamisha robo ya uniti au chini ya hapo kutoka kwenye chakula, ilhali kompresa ndogo huhamisha uniti moja hadi moja na nusu kwa kila uniti ya umeme. Kwa kipimo hiki kompresa imeshinda bila ubishi.

Lakini uniti ya gesi na uniti ya umeme hazibebeki sawa. Mtungi wa kawaida wa karavani za Marekani hubeba takribani kilo 9 za gesi, ambazo huiendesha friji hiyo kwa siku 25. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampia-saa 100 ina uzito wa kilo kama 12, hutunza wati-saa 1,280, na kati ya hizo 1,100 hivi ndizo za kutumia kwa usalama. Inaiendesha friji ya kompresa siku mbili. Betri ya risasi ya ampia-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, huishia siku moja na ushei. Mtungi ni ghala la wiki. Betri ni ghala la usiku mmoja au miwili, na lisipojazwa kila siku friji huzimika. Kubadili friji, kwa hiyo, ni kuhamisha ghala la nishati la gari zima. Friji yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo, na anayeinunua bila kugusa betri, chaji na nyaya amejinunulia kabati zuri la kuozeshea samaki.

Hesabu hiyohiyo huonyesha kwa nini hita ya volti 12 ya friji ya njia tatu haikuwa jibu. Hita hizo huvuta wati 150 hadi 200, na katika nyingi huwaka bila kukoma. Wati 200 kwa saa 24 ni kilowati-saa 4.8, na betri ya risasi iliyotajwa ingekwisha kwa saa tatu. Zilikusudiwa kutumika injini ikiwa inaunguruma na alternata inalipa gharama. Hata ikiwa kwenye gesi, friji ya kisasa ya ufyonzaji si huru kwa umeme, maana bodi yake ya elektroniki na vali ya gesi huhitaji volti 12 wakati wote, ingawa kwa kiasi kidogo.

Kilichofungua mlango wa mabadiliko haya ni betri na sola zaidi kuliko friji, kwa kuwa kompresa za BD zilikuwa kwenye mashua miongo kadhaa kabla wenye karavani hawajazipenda. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, kemia iliyotokana na maabara ya John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990, zilishuka bei pamoja na paneli za sola, na ghafla paa la gari-nyumba likawa kiwanda kidogo cha umeme. Watengenezaji waliona mapema. Katika magari madogo ya Ulaya yanayotengenezwa kutokana na magari ya mizigo, friji ya kompresa imekuwa ya kawaida, tena kwa sababu nyingine ya kifundi: haihitaji kutoboa ukuta wa bati matundu mawili makubwa ya hewa na bomba la moshi.

Mwenye gari la zamani ana njia tatu. Ya kwanza ni kung'oa friji nzima na kuweka friji mpya ya kompresa ya volti 12 katika tundu lilelile. Ndiyo njia safi zaidi. Kwa kuwa nyuma hakuna boila wala bomba la moshi, friji mpya mara nyingi huwa na nafasi kubwa zaidi ya ndani kwa vipimo vilevile vya nje, na ina dhamana ya kiwandani. Ugumu ni vipimo vyenyewe, maana friji za zamani zilikuwa na upana na kimo chao, na sentimita mbili zinazopungua au kuzidi humaanisha kazi ya seremala. Kabla ya kununua inafaa kupima tundu, mlango wa gari, na kona zote zilizo kati yao. Katika baadhi ya magari makubwa friji haipiti mlangoni kabisa, na hutolewa kwa kufungua dirisha zima.

Ya pili ni friji ya kawaida ya nyumbani inayoendeshwa kwa inveta. Friji hizo ni rahisi na kubwa, na magari mengi makubwa ya Marekani hutoka kiwandani nazo. Hasara iko kwenye inveta: ikikaa imewashwa tu huvuta wati 10 hadi 25, na kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240 hadi 600, yaani katika hali mbaya inveta hula kuliko friji ndogo ya volti 12. Inveta nayo lazima itoe wimbi safi la saini, na iweze kuhimili mshtuko wa kuanza kwa kompresa. Tena friji ya nyumbani haikujengwa kwa barabara: rafu zake, mlango wake na miguu yake vyote huhitaji kufungwa upya. Kwa gari lenye betri za ampia-saa 400 na kuendelea, njia hii ina mantiki. Kwa karavani ndogo ni ubadhirifu.

Ya tatu ndiyo inayostahili jina la kubadili: kabati la zamani hubaki mahali pake, mfumo wa ufyonzaji ulioko mgongoni huondolewa, na mfumo wa kompresa hufungwa badala yake. Huko kaskazini mwa Indiana, katika eneo la Elkhart linaloitwa mji mkuu wa magari-nyumba, kazi hii ina mizizi ya ajabu kidogo. Waamishi wa eneo hilo, ambao kwa imani yao hawaungi nyumba zao kwenye gridi ya umeme, wametumia friji za gesi majumbani kwa miongo mingi, na mafundi wao walijua kuzifufua kabla watalii hawajafikiria kuzibadili. Mfumo unaouzwa kwa kazi hii huja umekwishajazwa gesi, na sehemu zake hubandikwa mgongoni mwa kabati palepale ulipokuwa mfumo wa kale. Hilo lina maana ya kisheria pia: nchini Marekani kushika gesi ya kupozea kama R134a katika mfumo ulio wazi kunataka cheti cha mamlaka ya mazingira, na Ulaya ina kanuni zake kali, hivyo mfumo uliofungwa tangu kiwandani humwepusha mwenye gari na suala hilo.

Kazi yenyewe huanza kwa kufunga gesi kwenye mtungi na kukata umeme wote, wa betri na wa ukutani. Bomba la gesi hufunguliwa nyuma ya friji, nyaya huwekewa alama, skrubu za fremu hutolewa, na friji huvutwa nje kisha kulazwa kifudifudi juu ya blanketi. Mfumo wa kale umeshikwa na skrubu chache na povu la kihami joto. Evaporata yake imezamishwa ndani ya povu hilo na kugusana na bati la friza kwa gundi ya kupitisha joto. Hutolewa kwa kuinuliwa polepole, povu likikatwa kandokando. Bomba lisitobolewe wala kukatwa kwa hali yoyote.

Kwenye hatua inayofuata ndipo ubora wa kazi nzima huamuliwa. Evaporata mpya lazima ilale juu ya bati la friza bila pengo, kwa gundi mpya iliyotandazwa sawasawa, kwa sababu hewa ni kihami joto na kila kiputo kilichobaki ni baridi isiyofika ndani. Mapengo yote ya povu hujazwa upya. Friji nyingi za gesi zilijengwa na ukuta wa povu wa sentimita 3 au 4 tu, na kwa gesi ya bei nafuu upungufu huo haukuonekana. Kwa betri unaonekana kila alfajiri. Kuongeza mbao za povu gumu pande zote za kabati, pale nafasi inaporuhusu, ni kazi ya saa moja inayopunguza matumizi kwa miaka yote iliyobaki. Raba za mlango nazo hukaguliwa kwa kubana karatasi: ikichomoka bila kukwama, hewa nayo inapita.

Baadhi ya mifumo ina evaporata moja tu ya friza, na chumba cha chini hupata baridi kwa feni ndogo inayosukuma hewa. Mingine ina mbili. Yenye mbili hupoza kwa usawa zaidi, ila ya kwanza ni rahisi, na kwa friji ndogo inatosha. Katika zote barafu hujijenga kwenye evaporata na lazima iyeyushwe mara kwa mara, kwa kuwa barafu nene huizuia baridi kufika inakotakiwa.

Matundu ya hewa yasizibwe. Kompresa hutoa joto kidogo kuliko mwali, lakini joto hilo lazima litoke, na kondensa iliyofungiwa katika nafasi yenye hewa moto huongeza muda wa kufanya kazi maradufu. Njia nzuri ni kuweka kizuizi cha bati ili hewa baridi iingie chini, ipite kwenye kondensa kwa nguvu ya feni, na itoke juu bila kuzunguka na kurudi. Tundu la bomba la moshi, kwa upande wake, halina kazi tena na huzibwa kabisa. Majira ya baridi matundu mengine yanaweza kufunikwa nusu.

Nyaya ndizo huharibu kazi nyingi zilizofanywa vizuri kwingineko. Friji ya njia mbili ililetewa volti 12 kwa ajili ya bodi ya elektroniki tu, kwa waya mwembamba, mara nyingi wa milimita za mraba 1.5. Kompresa huvuta ampia 4 hadi 6 ikiwa kazini na zaidi kwa kitambo inapoanza. Kwenye waya huo, kwa umbali wa mita 6 kutoka kwenye betri, ampia 5 hupoteza volti 0.7 kwenda na kurudi, na mshtuko wa kuanza hupoteza zaidi ya volti moja. Betri ya risasi yenye volti 11.8 huonekana kwa kompresa kana kwamba ina 10 na kidogo. Kisanduku huikata, volti hupanda, hujaribu tena, huikata tena. Mwenye gari huamini kompresa ni mbovu, kumbe taa inamwambia kwa mmeto mmoja kwamba ni umeme. Mwongozo wa mtengenezaji wa kompresa za BD ni mwepesi kukumbuka: kwa volti 12, waya wa milimita za mraba 2.5 usizidi mita 2.5, wa 4 usizidi mita 4, wa 6 usizidi mita 6, na wa 10 usizidi mita 10. Kwa volti 24 urefu huongezeka maradufu. Waya utoke moja kwa moja kwenye betri au ubao mkuu wa fyuzi, bila kuchangia na taa wala pampu, na fyuzi ya ampia 15 iwekwe karibu na betri. Friji ya njia tatu huwa imekwisha kuwekewa waya mnene kwa ajili ya hita, na mara nyingi huweza kutumika. Kinachohitaji kuchunguzwa ni kama hupitia swichi inayofunguka injini ikizimwa.

Kipimo cha kuikata betri nacho huhitaji kufikiriwa. Kiwandani huwekwa kikate kwenye volti 10.4 na kuwasha tena kwenye 11.7. Kwa betri ya risasi 10.4 ni kaburi. Ikifikishwa hapo mara chache hupoteza uwezo wake. Rezista ndogo inayofungwa kwenye kisanduku huinua kiwango hicho. Betri ya lithiamu haina shida hiyo, kwa sababu hushikilia karibu volti 13 mpaka inapokaribia kwisha, na ina mfumo wake wa ulinzi. Udhaifu wake ni mwingine: haichajiwi chini ya nyuzi 0. Gari linalolala Minnesota au Norway majira ya baridi linahitaji betri hizo ziwe ndani ya chumba chenye joto, la sivyo asubuhi kutakuwa na jua paani na betri isiyopokea.

Kuhusu kulijaza ghala, paneli ya wati 170 ikipata saa nne za jua kamili, na robo ya umeme ikapotea njiani, hutoa takribani wati-saa 500, sawasawa na matumizi ya ile friji ya lita 100. Sawasawa si ya kutosha. Kuna taa, pampu ya maji, simu na siku za mawingu, kwa hiyo wati 300 ni mahali pa busara pa kuanzia, na friji kubwa ya Marekani ya lita 230 huhitaji karibu mara mbili. Alternata ya gari husaidia pale gari linapotembea, lakini betri ya lithiamu isiunganishwe nayo bila chaja maalumu ya kupunguza mkondo, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kiasi cha kuweza kuiunguza alternata.

Kuna mbinu nyingine ya kutunza baridi ambayo wenye magari-nyumba huitumia kidogo mno, na mfano wake bora uko Afrika. Katika zahanati nyingi za vijijini, Tanzania na Kenya zikiwamo, chanjo zilihifadhiwa kwa miaka katika friji za ufyonzaji za mafuta ya taa na gesi, zenye matatizo yaleyale ya joto lisilotulia, pamoja na safari za kutafuta mafuta. Nafasi yake imekuwa ikichukuliwa na friji za kompresa zinazounganishwa moja kwa moja na paneli za sola bila betri ya kuhifadhi umeme: mchana kompresa hugandisha maji yaliyo ndani ya kuta, na usiku barafu hiyo hushikilia baridi. Gari-nyumba haliwezi kubeba kuta nene hivyo, lakini kanuni hiyo hutumika kwa kiasi. Kompresa ikiongezewa kasi adhuhuri wakati betri imejaa na paneli inatoa umeme wa ziada, na chupa za maji zikagandishwa kwenye friza, mzigo wa usiku hupungua kwa dhahiri.

Si kila gari linafaa kubadilishwa. Anayekaa wiki tatu kwenye msitu wenye kivuli, au anayepiga kambi majira ya baridi ya kaskazini ambako jua ni saa mbili dhaifu, bado atahudumiwa vizuri zaidi na mtungi. Kwa mwenye gari la kulaza kwenye kambi zenye umeme wa ukutani, friji ya gesi inayofanya kazi haina sababu ya kung'olewa, na fedha zake zina matumizi bora kwingineko. Mabadiliko hufaa pale vitu vitatu vinapokutana: mfumo wa kale umekufa au unakaribia, gari lina betri ya lithiamu au lilikuwa linaelekea kupata, na mwenyewe husafiri zaidi maeneo ya jua na joto. Mfumo wa kubandika mgongoni mwa kabati la zamani, pamoja na kazi ya fundi, kwa friji kubwa huvuka kirahisi dola 1,000; betri na sola zikihesabiwa humo huzidi mara mbili. Ukilinganisha na mfumo mpya wa ufyonzaji ambao nao si rahisi na utaegeshwa kwenye miteremko ileile, tofauti si kubwa kama inavyoonekana kwenye risiti ya kwanza.

Baada ya friji mpya kuanza kupoza hubaki vitu viwili nje ya gari. Kimoja ni bomba la gesi lililoachwa wazi, ambalo lazima lizibwe kwa kizibo cha chuma cha aina ileile ya muunganisho wake, siyo kwa utepe wala kwa kulipinda, kisha lipimwe kwa maji ya sabuni mtungi ukiwa umefunguliwa. Jiko na hita ya maji bado hutumia gesi hiyo, hivyo king'amuzi cha gesi iliyovuja hubaki ukutani. Cha pili ni mfumo wa kale wenyewe. Bado una amonia na hidrojeni chini ya shinikizo, na kromati yake, inayoonekana kama unga wa manjano pale bomba linapovuja, ina kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Hauuzwi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu bila kuwaeleza kilichomo, wala hautobolewi nyuma ya nyumba ili kuutoa hewa. Hupelekwa mzima kwenye kituo kinachopokea taka za hatari au vifaa vya kupozea.